Habibo Aweys wa Kiwanja Nambari 417

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Masheikh wetu, wazee wa Bula Sahan, akina mama wa soko la maziwa, majirani, na ninyi mliosafiri kutoka Liboi, Elwak na Nairobi, familia inawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuketi nasi siku hii ya tatu ya dua, na imemtuma Abdiwahid, mwana pekee wa kiume wa marehemu, awasomee historia ya mama yake kama walivyoiandika watoto wote watatu, wakikubaliana mengi na kubishana machache.

Marehemu Habibo Aweys Shuriye alizaliwa mwaka 1951, msimu wa mvua za Gu, katika kambi ya wafugaji kaskazini mwa Liboi, akiwa mtoto wa nne wa mzee Aweys Shuriye na Bi Sirad Farole, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Siku yenyewe haikuandikwa, kwa kuwa kambi ilikuwa ikihama na waliojua kuandika walikuwa mbali, ila mwaka haukuwa na shaka, maana mama yake alimhesabia misimu tangu utotoni. Mwaka 1981, alipokwenda kuchukua kitambulisho kwa mara ya kwanza, karani alimtazama usoni, akaona msichana, akaandika tarehe moja Januari 1961, na Habibo, ambaye wakati huo hakujua kusoma, akapewa miaka kumi ya bure, na hata alipojifunza kusoma hakuirudisha.

Mwezi wa Septemba 1968 aliolewa na Mustafe Dubow, fundi wa mitambo ya visima, mtu mpole ambaye kazi yake ilimpeleka Buna, Elwak na kila mahali pampu ilipozimika. Walijaliwa watoto watatu, Osob, aliyezaliwa tarehe 12 Machi 1970 katika hospitali ya Garissa baada ya mama yake kupakiwa kwenye lori la mbuzi kwa uchungu mgumu, kisha Abdiwahid mwaka 1975, na Arbia mwaka 1982. Mwaka 1977 familia ilihamia Garissa, na mwaka 1983 wakanunua kiwanja nambari 417 hapa Bula Sahan, wakajenga nyumba ya vyumba vitatu, ukuta wa mawe, paa la mabati, na ndani ya nyumba hiyo ndimo tulimolelewa sote, na ndimo alimofia.

Kuhusu masomo, marehemu hakuwahi kukanyaga shule utotoni, lakini mwaka 1990, akiwa na miaka thelathini na tisa, alijiunga na darasa la ngumbaru, akahudhuria miaka miwili bila kukosa isipokuwa wiki aliyougua malaria, akapata cheti mwaka 1992. Alisoma Kiswahili vizuri kuliko alivyokitamka, kwa kuwa herufi P haikupata kibali cha kuingia kinywani mwake mpaka mwisho, na mwalimu wake alipomrekebisha alimjibu, "Mwalimu, mimi naiona hiyo herufi, naiheshimu, lakini kwetu haina ukoo."

Kazi yake ilikuwa kuuza maziwa ya ngamia. Aliianza mwaka 1978 akiwa na dumu moja, akaiacha mwaka 2014 akiwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama arobaini, na hakuna aliyewahi kumkuta na maziwa yaliyotiwa maji, ingawa wapo waliokutwa, naye ndiye aliyewakuta. Mumewe, Mustafe, alifariki tarehe 17 Juni 2009, na tangu siku hiyo nyumba ile, soko, wajukuu na swala ndivyo vilivyokuwa dunia yake.

Sasa tunafika mahali ambapo wengi wenu mlimjulia. Mwezi wa Februari 2022 viwanja vyote vya mji vilikadiriwa upya, kazi ikafanywa na kampuni moja ya wathamini ambayo hatutaitaja, kwa kuwa leo ni siku ya dua, na tarehe 14 ya mwezi huo Habibo akaletewa barua iliyosema kwamba kodi ya kiwanja chake, ambayo alikuwa akiilipa kila mwaka bila kelele, shilingi elfu tatu na mia mbili, sasa ni shilingi laki moja na themanini na sita elfu, na kwamba asipolipa kiwanja kinaweza kupigwa mnada. Aliisoma mara mbili kwa miwani yake, mara ya tatu kwa miwani ya Maka, rafiki yake wa sokoni na jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na sababu ilikuwa imeandikwa wazi, hoteli, ghorofa tatu, vyumba ishirini na vinne. Akatoka nje, akasimama barabarani, akaitazama nyumba yake kwa muda mrefu, kisha akamwambia Maka, "Labda imejengwa nilibokuwa msikitini."

Alicheka, lakini wiki ile hakula vizuri, na Arbia alimkuta zaidi ya mara moja amekaa amelaza kiganja ukutani kana kwamba anaupima joto. Abdiwahid, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, na ambaye aliomba sehemu hii irukwe lakini dada zake wakakataa, alikuja na shauri kama mfanyabiashara wa mifugo alivyo, akasema, "Hooyo, mama yangu, deni hili litatumaliza, tuuze kiwanja mapema, tukupeleke Nairobi, kule Islii, ukae nasi." Habibo alimwacha amalize, akamwongezea chai, akamjibu, "Nyumba yangu wao wanaiita hoteli, wewe unaiita besa, mimi bekee ndiye ninayeiita nyumba. Kunywa chai uende." Akanywa, akaenda.

Barua ilitoa siku ishirini na nane za kupinga. Watu wengi wa bula, mtaa wetu huu, waliopandishiwa kodi walikuwa wameshakata tamaa, wengine wakisema karatasi ya serikali haijibiwi, lakini Habibo alikwenda ofisini mara nne mpaka akapewa fomu ya pingamizi, akaijaza kwa mkono wake mwenyewe, na tarehe 9 Machi 2022 akaiwasilisha akapigiwa muhuri. Nakala yake tunayo. Mahali palipoandikwa eleza sababu za kupinga, ameandika, "Sina hoteli. Njooni muone. Chai iko."

Walikuja. Siku ya Jumanne, tarehe 24 Mei 2022, kampuni ilimtuma mthamini kijana, Bwana Musembi, akiwa na kompyuta ndogo ya mkononi, na nusu ya bula ilikuwa imeshajipanga kando ya ukuta kutazama. Habibo alimkaribisha, akamkalisha, akamnywesha chai ya maziwa ya ngamia na mahamri, hakumwuliza neno mpaka kikombe kilipoisha, ndipo akamwambia kwa upole kabisa, "Sasa banda ghorofa ya tatu, mwanangu, ukahesabu vyumba, magoti yangu hayaniruhusu kukusindikiza." Bwana Musembi alitazama kompyuta yake, akatazama mabati, akamtazama mbuzi aliyekuwa mlangoni, akasema, "Mama, hapa sioni ngazi." Habibo akamjibu, "Hiyo ndiyo shida ya hoteli hii." Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na kijana mwenyewe akacheka, na kwa heshima yake lazima isemwe kwamba hakuondoka kabla ya kupima kila ukuta na kutafuta kosa lilipoanzia, akaligundua siku ile ile, tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi, kiwanja nambari 471 chenye hoteli ya kweli kilikuwa kimeandikwa nyumba ya mabati, na mwenye hoteli, kama binadamu, alikuwa amenyamaza.

Jopo la kusikiliza pingamizi liliketi tarehe 19 Julai 2022, likiongozwa na wakili, Bi Khadijo Abdikarim, na suala la hoteli lilimalizika kabla ya saa nne, kodi ikawekwa shilingi elfu nne na mia moja, hesabu ambayo Habibo aliikubali kwa sababu aliona ni ya haki. Bi Khadijo alipomwuliza kama ameridhika, alisema ameridhika na la kwanza, lakini bado kuna la pili, akatoa nakala ya kanuni aliyokuwa ameisoma mwenyewe, yenye kifungu kinachomwondolea kodi mzee aliyetimiza miaka sabini anayeishi katika nyumba yake, kifungu ambacho, kwa maneno yake, kilikuwa kimelala ukurasa wa kumi na tisa bila mtu wa kukiamsha. Mwenyekiti alichukua kitambulisho, akasema, "Bi Habibo, karatasi hii inasema una miaka sitini na moja." Osob, ambaye ni mwalimu huko Wajir na alikuwa ameomba ruhusa ya siku tatu kuja, akasimama, akaweka mezani cheti chake cha kuzaliwa, akasema, "Na hii inasema amenizaa mimi akiwa na miaka tisa." Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na mwenyekiti alipopata tena sauti yake alisema kwamba sheria haiwezi kukubali karatasi zote mbili, hivyo Habibo atoe kauli yake kwa kiapo, pale pale, mbele ya watu, ana miaka mingapi.

Hapo Habibo alikiomba kitambulisho chake, akakisoma upya. Alikuwa ameibeba ile miaka kumi ya bure kwa miaka arobaini na moja, akivaa rangi za akina mama wadogo, akisalimiwa kama mdogo, na mbaya zaidi Maka alikuwa ameketi benchi la mbele, Maka mwenye miaka sitini na minane, ambaye muda wote huo alijiona dada mkubwa, akimshauri, akimkaripia na kuchukua kiti kizuri kwenye kila arusi. Habibo alimtazama, akainua mkono, akasema, "Wallahi nimezaliwa mwaka elfu moja mia tisa hamsini na moja, nina miaka sabini na moja, na nyumba yangu ni yangu." Maka aliruka kutoka kwenye benchi bila kuulizwa na mtu, akasema, "Kumbe wewe ni mkubwa wangu! Miaka yote hii umeniacha nikukemee!" Na Habibo akamjibu mbele ya jopo, "Ulikuwa unakemea vizuri." Wale waliowahi kufika nyumbani kwao baada ya siku hiyo wanajua kwamba Maka ndiye aliyemimina chai, akilalamika, kila siku, kwa miaka mitatu.

Kitambulisho kilirekebishwa, na barua ya msamaha ikafika tarehe 3 Oktoba 2022. Mtu mwingine angeishia hapo. Habibo alisema yeye amepona lakini bula inaumwa, akaanza kuketi barazani kila Jumamosi na fomu, kalamu mbili na futi ya fundi, akiwasomea wazee barua zao, akiwauliza umri wao, akiwatuma wakatafute vyeti vya watoto wao wa kwanza. Wengine walikuja kutoka mitaa ya mbali, na kufikia mwaka huu wazee sitini na watatu walikuwa wamepunguziwa au kusamehewa kodi kwa mkono wake. Hakumbeba kila mtu. Mzee mmoja, jamaa yetu wa karibu ambaye marehemu alimwita abti, yaani mjomba, alitaka aandikiwe msamaha kwa nyumba aliyoipangisha, na Habibo alimrudishia karatasi zake akisema, "Msamaha ni wa nyumba unayolala, abti, si wa nyumba inayokulisha." Mzee huyo yuko hapa, na alituruhusu tuliseme.

Mwezi wa Januari 2025 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo pamoja na shinikizo la damu, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na hakuwahi kwenda bila mfuko wake wa fomu, hata wagonjwa wenzake wakawa wanaomba kupangwa zamu moja naye. Mwezi wa Oktoba nguvu zilipungua, akaomba arudishwe nyumbani, na siku ya Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, saa tano asubuhi, akiwa kitandani kwake, Arbia akimsomea Yasini na Maka akimshika mkono, Mwenyezi Mungu aliichukua amana yake, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya swala ya Alasiri. Ameacha watoto watatu, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, akina mama wa soko la maziwa waliofunga vibanda siku mbili, majirani waliopika na kubeba maji, walimu wenzake Osob waliotoka Wajir, Bwana Musembi aliyesafiri usiku na mchana na ambaye ameketi pale nyuma akidhani hatumwoni, na pia mwenye hoteli ya kiwanja nambari 471, ambaye tangu mwaka 2022 analipa kodi yake mwenyewe, na ambaye hata hivyo ametuletea gunia la mchele na mbuzi wawili.

Kuna tangazo moja. Wazee tisa ambao marehemu aliwaandikia pingamizi wanasikilizwa Jumatatu ijayo, tarehe 10 Novemba. Tulitaka kuomba siku isogezwe kwa ajili ya msiba, lakini Maka amekataa, amesema Habibo hangesogeza hata saa moja. Kwa hiyo gari litaondoka hapa saa mbili kamili asubuhi, kila mzee aje na kitambulisho chake, barua yake na cheti cha mtoto wake wa kwanza, na Abdiwahid, yule aliyetaka kuuza, ndiye atakayesimama nanyi mbele ya jopo. Fomu zote zimeshajazwa. Ya mwisho aliijaza Jumapili, siku mbili kabla hajafariki, mwandiko unatetemeka kidogo lakini unasomeka.

Mwenyezi Mungu amsamehe alipoteleza, alipanue kaburi lake, ambadilishie nyumba iliyo bora kuliko aliyoiacha. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pumzika, Hooyo, Jumatatu tutakwenda.