Miezi Mitatu ya Papa Onésime

Jumapili tarehe 30 Juni 1991, Papa Onésime Kalenga atastaafu ualimu na ukatibu wa Seminari yetu ya Kipresbiteri hapa Kalemie, baada ya kutumika miaka ishirini na minne na miezi tisa. Sisi wengine tulihesabu ishirini na mitano kamili, maana aliingia tarehe 1 Julai 1966. Lakini alipoletewa rasimu ya wasifu huu, alichukua kalamu nyekundu akakata miezi mitatu. Sababu yake msomaji ataiona.

Alitoka Manono, alikokuwa karani katika biro ya mgodi. Seminari wakati ule ilikuwa vyumba viwili, wamisionari watatu na wanafunzi saba, na masomo yalitolewa kwa Kifaransa ambacho wanafunzi walikiitikia kwa adabu tu. Papa Onésime aliajiriwa kuyapiga chapa. Mwezi haukuisha akaanza kuyageuza kwa Kiswahili bila kutumwa na mtu, na baada ya mwaka wanafunzi wakaomba ayafundishe mwenyewe. Akapewa somo lililokimbiwa na walimu wote, Taratibu za Kanisa: nani aitishe mkutano, nani apige kura, mkutano ufunguliwe na kufungwa namna gani. Alilipenda jinsi wengine wanavyopenda mpira.

Kila mwanafunzi hapa hutoa mahubiri ya majaribio mbele ya walimu, dakika ishirini. Papa Onésime hukaa nyuma na kengele ya baiskeli mkononi, na ikilia, umekwisha. Mwaka 1972 mgeni wa heshima kutoka sinodi alihubiri akapitiliza, naye akapigiwa kengele kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mgeni aliketi. Mke wa Papa Onésime, Mama Agathe, aliniambia kwamba hata nyumbani sala ya chakula ina kipimo. Upande wa jembe, tusifiche, Mungu hakumjalia. Matuta yake katika shamba la mihogo wanafunzi waliyarudia alipokwenda kunawa.

Sasa niseme habari ya Machi 1978, kwa kuwa mimi nilikuwamo. Wamisionari walikuwa wamerudi kwao, na walimu wa kudumu tulibaki wawili: yeye, na mimi niliyefundisha pia wake wa wanafunzi. Jumanne tarehe 14 baraza la seminari lilikutana kuamua kama tufunge. Mwenyekiti alikuwa Mchungaji Anatole, mtu mwema, aliyeamini kwamba shule ya walimu wawili ni kudanganya watu. Ubishi ulianzia nje kwenye veranda, ukaingia nasi ndani, na hakuna aliyeketi vizuri kabla kura hazijaitishwa. Wanane walitaka tufunge, watano walikataa. Wanafunzi kumi na mmoja walikuwa warudi makwao, na mmoja wao, Valère wa Nyunzu, alibakiza miezi mitatu tu amalize. Nililia mbele ya wazee wa kanisa, wala sioni haya kuliandika.

Papa Onésime, katibu asiye na kura, alikuwa akiandika. Kalamu ikasimama. Akarudi kwenye ukurasa wa mwanzo, akausoma, akainuka polepole.

"Papa Mwenyekiti, mukutano haukufunguliwa. Hatukusali. Na zamu ya kusali ilikuwa yangu."

Kitabu cha Taratibu kinasema wazi kwamba mkutano usiofunguliwa kwa sala si mkutano, na kilichoamuliwa humo ni mazungumzo ya watu waliokaa pamoja. Mtu aliyewafelisha wanafunzi kwa makosa madogo kuliko hilo alikuwa amejishtaki mwenyewe mbele ya wakubwa wake. Mchungaji Anatole angaliweza kumwomba asali pale pale na kura zipigwe tena. Lakini naye ni Mpresbiteri, na kitabu kinataka mkutano mwingine uitishwe kwa notisi ya siku thelathini.

Siku hizo thelathini zilituokoa. Papa Onésime aliandika barua kwa kila mchungaji aliyepita mikononi mwake. Wakaja kutoka Kabalo na Nyunzu kwa treni, na wa Manono walianza safari kwa baiskeli hadi walipopata lori. Kila mmoja alijitolea kufundisha mwezi mmoja kwa mwaka. Walimu wawili wakawa kumi na wanne, na ndiyo zamu tunayoifuata mpaka leo. Kura zilipopigwa upya, baada ya sala ndefu kweli kweli, hakuna aliyetaka tufunge. Mchungaji Anatole alijiandikisha kwa mwezi wa Novemba, akafundisha Agano la Kale miaka tisa.

Hata hivyo kosa ni kosa. Baraza lilimwondoa Papa Onésime kazini miezi mitatu kwa kusahau zamu yake, naye akaitumikia adhabu yake shambani, mihogo ndiyo iliyoumia. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba alisahau kwa makusudi. Nilimwuliza mara moja tu. Alinijibu, "Mama Dorothée, ningalijua, ningalisali. Sala ni sala." Ninamwamini, na ndiyo sababu ninamheshimu.

Valère alimaliza mwaka ule, na leo ndiye mkurugenzi wetu. Wiki iliyopita aliitisha baraza, akalifungua kwa sala, akaomba jambo moja. Wote waliinua mikono, na katibu anayestaafu alilazimika kuliandika kwa mkono wake: Papa Onésime Kalenga ametumika miaka ishirini na mitano kamili. Kalamu nyekundu tumeificha.

Asante, Papa, kwa kila mchungaji uliyemfundisha kunyamaza kwa wakati. Wewe na Mama Agathe mkae kwa amani, afya iwe tele, na jembe uwaachie wenye nalo. Jumapili sala ya kufungua ni zamu yako. Hatutakupigia kengele.

Dorothée, kwa niaba ya walimu wenzake