Mstari wa Mwalimu Uliobaki Wazi

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, familia imemtuma mpwa wa marehemu, huyu anayesema nanyi, awasomee maisha ya shangazi yake, na wameshamwonya asome polepole, maana akishikwa na wasiwasi anakimbiza maneno, na leo wasiwasi upo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1961, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo ukutani zilining'inia saa kumi na nne za wateja, na hakuna mbili zilizokubaliana, jambo lililomkosesha raha tangu mdogo, akawa anazunguka na sahani mkononi akiuliza ipi inasema kweli, mpaka baba yake akamwambia, "Mwanangu, kweli anaijua mwenye saa, wewe kula." Hakula.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, sekondari hadi 1980, akaongoza hesabu na kuburuta mkia kwenye ushonaji, mama yake akaona aibu, akapata shahada ya hisabati mwaka 1984, akafundisha sekondari miaka sita, kisha akaenda ng'ambo kusomea mantiki ya kompyuta, yaani namna ya kuifanya mashine ikague hoja ya mtu mstari kwa mstari na kukataa palipo na pengo, akarudi tarehe 11 Machi 1996 akiwa amevaa magauni matatu kwa mpigo, kwa sababu sanduku lilijaa vitabu.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na mpima ardhi, huyu mjomba mnayemwona hapa mbele, ambaye alipopeleka posa aliombwa atoe sababu tatu, akatoa mbili, akaambiwa akatafute ya tatu, akarudi baada ya wiki, na hadi leo hajasema ilikuwa ipi. Walijaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na mwana, ambaye ni fundi wa kuchomelea.

Tarehe 2 Septemba 2004 marehemu alifungua shule ya mafunzo ya uzamivu katika mantiki ya kompyuta, ndani ya chumba kilichokuwa stoo ya maabara, mabomba bado yapo ukutani, akaanza na wanafunzi wanne, na akaweka utaratibu wake mwenyewe, kwamba kila Alhamisi mwanafunzi mmoja anaeleza kazi yake mbele ya mtu asiyejua lolote, mlinzi, fundi bomba, yeyote, naye anaketishwa kwenye kiti cha mbele na kupewa haki moja tu, ya kuuliza kwa nini.

Alhamisi tarehe 16 Februari 2023 aliketi Mama Funguo, anayefungua na kufunga madarasa, na mwanafunzi alikuwa anaeleza kwamba ishara za reli haziwezi kuruhusu treni mbili kuingia njia moja, akafika mstari fulani, Mama Funguo akauliza kwa nini, akajibiwa, "Hiyo ni ya Mwalimu, mama, tuliikuta." Mama akasema, "Sawa, na yeye Mwalimu, kwa nini?" Darasa zima likacheka, Mwalimu, yaani marehemu, naye akacheka, akafungua faili lake la mwaka 2011 ili amwonyeshe, kicheko kikamkauka, kwa sababu pale panapopaswa kuwa na uthibitisho aliandika agizo moja la kuiambia mashine pokea kwanza, nitarudi, akazima maonyo yasimjazie skrini, na hakurudi, na kwa miaka kumi na mbili hakuna aliyekagua, kwa kuwa ilikuwa ya Mwalimu.

Juu ya mstari ule wanafunzi kumi na mmoja walikuwa wamejenga kazi zao zote. Aliwaambia Jumatatu iliyofuata akiwa amesimama, wengine walilia, mmoja akamwambia, "Mwalimu, si ungenyamaza tu tumalize," na hakumkasirikia, ila kuanzia siku hiyo chakula kilikuwa hakishuki, anaamka anajaribu njia ya kuuthibitisha mstari ule, inakataa, anajaribu nyingine, mjomba akidhani ni wasiwasi tu unamkondesha, mpaka tarehe 9 Mei daktari akasema ni saratani ya kongosho.

Wodini aliomba daftari kabla ya maji. Mkurugenzi wa chuo alikuja kumpa pole, akasema kwa upole kwamba mtihani ni tarehe 4 Septemba, mashine inakubali kila kitu, watahini hawatafungua faili la zamani, sasa kuna haja gani ya kuwatia vijana hatarini, naye akamjibu, "Baba, treni haitajua kwamba tulinyamaza." Tarehe 21 Agosti, mkono ukiwa hauandiki tena, alimwambia mpwa wake ukurasa huu usomwe hivi hivi, kwamba mstari ule, wa 214, haujathibitishwa, huenda ni kweli, huenda si kweli, yeye hajui, na kila mwanafunzi aseme hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa kazi yake, hata kama ataangushwa. Jana familia iliombwa kwa heshima iruke kipande hiki. Imeshindwa.

Alifariki Jumatatu tarehe 28 Agosti 2023, saa nne asubuhi, binti yake akimshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya tatu, majirani mliotuazima viti na masufuria, walimu wenzake, Mkurugenzi ambaye pamoja na yote amekuja, na Mama Funguo, ambaye tangu Februari anajilaumu, mama, shangazi alikuwa anakutaja kwa furaha, hukumuua. Tunawashukuru wanafunzi wanane walioleta asubuhi hii kurasa zao za kwanza, sentensi ile ipo juu kabisa, na watatu ambao hawajaleta hatuwanyooshei kidole, Jumatatu ya mtihani bado haijafika, nasi tunaogopa pamoja nanyi.

Shangazi, mstari tumeuacha wazi kama ulivyosema. Wasiwasi wako tuachie sisi, wewe lala kwa amani.