Kuaga Baiskeli ya Soko la Katangi

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Bwana Chifu, Padre wetu, Mwenyekiti wa soko Bwana Muthoka, akina mama wauza nyanya, na wewe dereva wa pikapu ya vyuma kuukuu ambaye mpaka sasa hujazima injini: hamjambo nyote?

Nimepewa kazi ya kuiaga baiskeli hii, kwa sababu leo stima imefika sokoni na mwenyekiti ameshaiuza kwa huyo dereva. Nimechaguliwa mimi, Muindi, kwa sababu ni mimi niliyevumbua umeme wa baiskeli katika Yatta nzima.

Mnaguna? Haya, si mimi. Ni Halima wa duka la nguo, aliyenunua Machakos mjini gurudumu la mbele lenye dainamo ya kuchajia simu katikati yake. Mimi nilishika spana, na spana yenyewe haikutoshea. Tena ni mimi niliyesema baiskeli iinuliwe juu ya mawe, mtu akanyage akiwa amekaa palepale kama mfalme. Tukakanyaga kwa zamu mpaka Padre akavua kola. Gurudumu la nyuma linazunguka kama wazimu, na dainamo iko mbele, imetulia kama mgeni anayengojea chai. Halima akatuangalia, akasema, "Wazee, kwani hii ni cherehani? Ishusheni, mwende nayo mahali!"

Twende wapi, sasa? Hapo ndipo sheria ya soko ilipozaliwa. Simu inafungwa kwenye usukani, na hubebi yako, unabeba ya mwenzako, maana ukibeba yako utaenda nayo nyumbani ulale. Na njia ni ya kwenda kwa mwaitu Kamanthe, mama yetu sote, ambaye magoti yamemkatalia kutoka nyumbani. Njia hiyo ni ndefu na tambarare. Kwenda na kurudi, simu imeshiba.

Sisemi hatukuaibishana. Dikoni Bartholomew alikuwa amebeba simu ya Mwelu ilipolia. "Halo, mpenzi?" Dikoni, mtu mkweli, akajibu: "Mpenzi wako yuko sokoni anauza maharagwe. Mimi ni dikoni. Acha ujumbe, na Jumapili uje kanisani." Mwelu, usifiche uso. Si alikuja? Si mmeoana?

Lakini niambieni, waheshimiwa, ni nani kati yetu aliyewahi kwenda kwa Kamanthe kwa sababu ya upendo? Mimi hapana. Mama huyo ana ulimi wa pilipili. Nilienda kwa sababu ya simu ya Mahmud, jirani yangu hapa sokoni. Nikifika ananiuliza, "Muindi, bado hujafa?" halafu ananipa uji, nami namchotea maji, tunamsengenya mwenyekiti kidogo, narudi. Hakuna siku aliyokosa mtu. Mwingine alimpasulia kuni, mwingine alimfungia mbuzi, na kila mmoja alitukanwa sawasawa. Sasa simu zote zitachomekwa ukutani, na ukuta hauendi kwa Kamanthe. Wiki ijayo nani atabisha mlango wake? Wewe, Bwana Chifu? Wewe hata kwa mama yako mzazi hufiki!

Sipingi stima. Hata mimi nataka kunyolewa kwa mashine. Nasema tu baiskeli hiyo isipakiwe, kwa sababu ikiondoka, yule mama atabaki akiwatukana kuku.

Asanteni kwa masikio yenu, hata yale yaliyokuwa yakisikiliza harufu ya pilau.

Na sasa nawe, Mheshimiwa. Wakati wa kampeni simu yako ilizima hapahapa, na ulikuwa na watu wa kupigia. Nani aliibeba? Ni miguu hii. Ukasema, "Mzee, nitakurudishia siku moja." Sitaki fulana, sitaki kofia. Simu ya Kamanthe hii hapa mfukoni mwangu, imezima. Panda, umpelekee ikiwa imeshiba, na akikutukana, itikia. Dereva, zima injini, baiskeli ina safari. Mheshimiwa, lete hilo koti nikushikie.