Viatu Mlangoni pa Mtunga Mafumbo

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, na mguu wake mmoja umetiwa tofali. Anayeketi upande huo hujifunza kutocheka kwa nguvu. Asubuhi ile tulikuwa wanne: Redio, kinyozi mwenyewe, aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki; Bi Pindo, mshonaji, ambaye hutoa pini mdomoni pale tu anapotaka kubisha; Kufuli, mwenye nyumba ile inayotutazama; na mimi, mwalimu. Muuza kahawa alikuwa akimimina. Gazeti lilikuwa magotini mwa Redio, limekunjwa kwenye fumbo la maneno, lile lenye vyumba vyeupe na vyeusi. Mtungaji wa fumbo alikuwa mpangaji wa Kufuli, mzee mmoja mpole ambaye kazi yake kubwa ni kufasiri mashairi ya kigeni. Hakuwa ameonekana tangu juzi, na jana jioni Kufuli alikuwa amekifunga chumba chake kwa nje.

Redio: Sikilizeni hii. "Anamjua mgeni wako, hajui njaa yako." Herufi sita.

Bi Pindo: Mchawi.

Redio: M, c, h, a, w, i. Inaingia!

Kufuli: Jasusi nayo inaingia. Nimeijaribu tangu alfajiri.

Bi Pindo: Basi kajiandika mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Redio: Nguoni mwako wewe, dada, unayeshona. Huyu alikuwa chumbani mwa Kufuli.

Bi Pindo: Cheka tu. Majuzi kaniletea suruali ya kupunguza. Namtia pini, yeye ananiuliza, "Uzi ukikatika, ule mlio wake mnauitaje?" Mlio wa uzi! Mtu mwenye akili zake anautakia nini mlio wa uzi?

Redio: Mimi kaniuliza nywele zikianguka sakafuni zinafanana na nini. Nikamwambia zinafanana na nywele. Akashukuru sana, akaandika kiganjani.

Mimi: Anatafuta maneno. Shairi la watu ukilihamisha, lazima ulitafutie pa kulala.

Kufuli: Maneno yanalala, mwalimu? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yule anainama mezani kutwa nzima. Hicho cha mvunguni ni kitu gani? Hapo ndipo nilipoanza kushtuka.

Redio: Na vyumba vyeusi je? Mimi nimevikodolea macho wiki nzima. Ile ni ramani. Hiki duka, hiki kwangu, hiki hapa benki.

Bi Pindo: Benki iko wapi mtaa huu?

Redio: Haipo. Ndiyo maana kaificha.

Muuza kahawa alicheka peke yake. Kufuli hakucheka. Alisogeza kikombe, akashusha sauti.

Kufuli: Jana nimesimama uani nikaita, "Mpangaji!" Kimya. Nikaita tena. Kimya. Nikajua kashatoroka. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, ndiyo maana nikafunga upesi. Akirudia vitu vyake, atanikuta.

Bi Pindo: Katorokea wapi? Cherehani yangu inatazama geti lenu, na sijamwona akipita.

Kufuli: Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Na viatu vyake viko palepale mlangoni, vimepangwa, visigino ukutani, kama anavyoviacha siku zote.

Redio (akishusha gazeti): Viatu vipo?

Kufuli: Vipo.

Redio: Na hana vingine. Hapo sasa si jasusi. Jasusi hutoroka na viatu. Huyu katoka geti halikumwona, na chini hakukanyaga…

Bi Pindo: Niliposema mchawi mlinibishia!

Kufuli: Basi hicho chumba nakipulizia dawa kabla sijakipangisha tena.

Wakati huo mwanamke mwenye mkoba begani alivuka barabara akaja moja kwa moja kwetu. Alisema anatoka kwenye gazeti, anamtafuta mzee wa fumbo. Kila wiki huwaletea kazi yake mwenyewe, kwa miguu, na leo hakuja.

Kufuli: Umechelewa, mama. Katoroka.

Mwanamke: Kaenda wapi?

Kufuli: Hajulikani. Hata viatu kaviacha mlangoni.

Mwanamke akatutazama mmoja mmoja, kwa subira, kama mtu anayedhani kuna sehemu ya habari hakuisikia vizuri.

Mwanamke: Sasa mtu akiviacha viatu vyake mlangoni, anakuwa wapi?

Bi Pindo aliirudisha pini midomoni, akaitoa tena. Kufuli akainuka, benchi likalala upande wa tofali, na sote tukajikuta tunavuka barabara nyuma yake. Mbele ya vile viatu viwili ufunguo ulimkataa mara mbili.

Mzee alikuwa kitandani kwa ubavu, midomo imepasuka kwa homa, kikombe kimebingirika sakafuni mbali na mkono wake. Alikunja uso kwa mwanga.

"Nilisikia nikiitwa," alisema kwa shida. "Niliitika. Sauti haikufika mlangoni."

Mwanamke alikuwa amekwisha kulowesha kitambaa na kumpa maji kidogo kidogo.

"Hospitali, sasa hivi," alisema. "Watataka mtu wake wa kukaa naye. Wewe mwenye ufunguo, wewe ni nani wake?"

Kufuli alilitazama lile kufuli kiganjani kama lililowekwa pale na mtu mwingine.

"Mimi?" alisema. "Mimi ni… ni jirani tu."

Redio bado alikuwa na gazeti kwapani. Nilimwona akihesabu herufi kwa vidole, polepole. Mkono mmoja ukaisha, akaongeza kidole kimoja cha mkono wa pili. Safari hii hakusema kama inaingia. Aliinama, akaviokota viatu vya mzee, akawa wa kwanza kusimama kando ya kitanda.