Mshono wa Mfuko wa Nyuma

ZUHURA: Haloo... haloo, nani mwenzangu?

DAMIEN: Allô? Zuhura? Usikate, minaomba—

ZUHURA: Nani huyu? Sauti inakwaruza.

DAMIEN: Iko miye. Damien.

ZUHURA: Damien yupi? Joburg hii wamejaa.

DAMIEN: Damien wa cherehani. Wa Rosettenville. Mwenye umeshona naye chumba kimoja miaka yote ile, mama.

ZUHURA: Aa. Huyo namba yake nilishaifunga. Hii umeitoa wapi?

DAMIEN: Ya André, kinyozi wa hapa chini. Salio yake ni kidogo, basi unisikilize mbio mbio. Habari ya Turffontein?

ZUHURA: Nzuri. Za huko?

DAMIEN: Nzuri. Na Tanga? Kaka yako, bwana harusi, anaendelea?

ZUHURA: Hajambo, mkewe ana mimba. Damien, hukuazima simu ya watu ili uniulizie kaka yangu. Sema lililokuleta. Jumbe wa mitumba keshanipa habari. Najua umekwenda kwa wakili, unishitaki kwa ule mshono.

DAMIEN: Wakili gani?

ZUHURA: Yule mwenye ofisi juu ya duka la Mreno. Jumbe kakuona kwa macho yake unatoka mlangoni.

DAMIEN: Mais non! Nilimpelekea suruali yake! Amenenepa, nilimwongezea kiuno!

ZUHURA: Kiuno.

DAMIEN: Kiuno, Zuhura. Alikuwa hawezi tena kuketi—

ZUHURA: Mimi chakula hakipiti, kila mtu akibisha hodi nadhani ni karatasi ya mahakama, kumbe kiuno cha mtu!

DAMIEN: Unacheka?

ZUHURA: Sicheki. Nakohoa.

DAMIEN: Voilà. Kohoa tu, lakini unisikie. Kuna mwanamke anaitwa Lindiwe, ana duka Midrand. Anauza jinzi za Kijapani, zile zenyewe, anazifuata kule kule Japani. Sasa anataka aweke na za hapa Joburg, za kushonwa kizamani. Amekuja kwangu leo.

ZUHURA: Hongera zako.

DAMIEN: Akachukua suruali, akaigeuza, akatazama mfuko wa nyuma. Akatazaaama. Akaniuliza, "Haya mawimbi mawili yanayopishana, mbona nimeyaona kwa mtu aliyeshonewa Turffontein na dada mmoja wa Kitanzania? Nani amemwiga mwenzake?"

ZUHURA: Ukasema mimi.

DAMIEN: Ngoja—

ZUHURA: Ukasema mimi! Mshono niliouchora kwa mkono wangu, kwa chaki, pale mezani, wewe umekaa unakula chikwangue zako za muhogo unaniambia "mawimbi ya nini, sisi Lubumbashi hatuna bahari"! Leo—

DAMIEN: Ngoja basi, mama!

ZUHURA: Leo mimi ndiye mwizi!

DAMIEN: Zu... [mkwaruzo] ...sikupati! Allô? Sogea dirishani!

ZUHURA: Niko dirishani! Nasema leo mimi ndiye mwizi!

DAMIEN: Hakuna mwizi. Acha nimalize. Huyo Lindiwe akanieleza mambo. Unajua Wajapani walikuwa wanapenda sana jinzi za Marekani za zamani, zile za enzi za babu. Wakakusanya mashine za zamani, wakafuma kitambaa polepole kama zamani, wakaiga kila kitu. Rangi ya uzi, shaba za mifukoni, mpaka lebo ya ngozi ya kiunoni. Wakazishona vizuri kuliko wenyewe.

ZUHURA: Hayo ulikuwa unanihubiria kila siku.

DAMIEN: Hii hukuisikia. Mwaka wa 2007 kampuni kubwa ya Marekani ikasema, sasa imetosha. Ikawapeleka mahakamani. Ikasema upinde ule wa uzi kwenye mfuko wa nyuma ni wetu, na kile kitambaa kidogo chekundu pembeni ya mfuko ni chetu. Vitoeni.

ZUHURA: Wakatoa?

DAMIEN: Wakabadilisha. Mmoja akachora mshono mwingine, mwingine akaacha mfuko mtupu kabisa. Na pale kwenye lebo ya ngozi Wamarekani wanachora farasi wawili wanavuta suruali, kuna Mjapani yeye anaweka nguruwe wawili.

ZUHURA: Nguruwe! Kiunoni! Astaghfirullah, Damien, usije ukaniletea hiyo.

DAMIEN: [anacheka] Siwezi. Lakini umeona? Mshono tu. Uzi tu. Na watu wamekwenda mbele ya jaji. Basi Lindiwe akasema, "Kaka, mimi siuzi mshono wenye ugomvi. Niambie ni wa nani, nitanunua kwake."

ZUHURA: Na wewe ukasemaje?

DAMIEN: Nikasema ni wa Zuhura.

ZUHURA: ...

DAMIEN: Allô?

ZUHURA: Mtandao umekatika. Ulisemaje?

DAMIEN: Mtandao uko sawa, umesikia.

ZUHURA: Rudia bwana, usinisumbue.

DAMIEN: Nikasema ni wa Zuhura wa Tanga. Yeye aliuchora, mimi naushona tu.

ZUHURA: Na yeye?

DAMIEN: Akarudisha suruali mezani, akaomba mahali unakaa. Nikamwelekeza. Ametoka hapa sasa hivi na gari, anakuja.

ZUHURA: Anakuja wapi?

DAMIEN: Kwako!

ZUHURA: Sasa hivi? Ya Rabi! Damien! Nimevaa kanga! Vipande viko sakafuni mpaka mlangoni, nguo za watoto wa jirani zimeanikwa kwenye meza ya kukatia—

DAMIEN: Ndiyo maana nimekupigia. Toa nguo mezani. Weka jora ya kitambaa mbele, ule upande wenye uzi mwekundu ukingoni uonekane. Anapenda kukunja mguu wa suruali aangalie ule ukingo ndani.

ZUHURA: Ngoja nikuweke begani. [kishindo] Aah! Kiti!

DAMIEN: Umeanguka?

ZUHURA: Sijaanguka, endelea. Anafika saa ngapi hapa?

DAMIEN: Kama amepata roboti nyekundu zote, taa za barabarani, una nafasi ya kuvaa viatu.

ZUHURA: Eish! Na lebo? Atauliza lebo ya ngozi. Yangu haina jina la mtu. Mimi siweki jina la mtu, nilishajua yanakoishia. Mtu unakwenda Tanga harusini kwa kaka yako, unarudi na maandazi ya wenzako kwenye mkoba, unakuta lebo ya kila suruali imegongwa muhuri, DAMIEN, JOHANNESBURG.

DAMIEN: Zuhura, mimi—

ZUHURA: Haya, yamepita. Sindano iko wapi jamani...

DAMIEN: Nimezitoa.

ZUHURA: Umetoa nini?

DAMIEN: Zile lebo. Zote. Na sasa niko nafumua mshono wa mifuko. Si wangu, nitauza mfuko mtupu. Kama Wajapani wale. Banasema unapendeza ukizoea.

ZUHURA: Unafumua mawimbi yangu?

DAMIEN: Suruali moja nimekwisha. Ya pili wembe nimeushika hapa—

ZUHURA: Weka huo wembe chini.

DAMIEN: Zuhura—

ZUHURA: Weka chini, Damien. Unataka watu waone mifuko ina matundu ya sindano kama imeumwa na mbu? Weka. Umeweka?

DAMIEN: Nimeweka.

ZUHURA: Mtu mzima, akili hana. Aliipenda hiyo suruali yako?

DAMIEN: Alivaa mpaka akaangalia kwenye kioo.

ZUHURA: Halafu ukamwambia aende kwingine.

DAMIEN: Kwako si kwingine... [mkwaruzo]

ZUHURA: Nini? Hapo sijakupata.

DAMIEN: Nasema funga mkanda, atafika!

ZUHURA: Gari! Jeupe? Kuna gari jeupe linaegesha.

DAMIEN: Ndiyo yeye.

ZUHURA: Usikate, baki hapo hapo. Sawubona, sisi! Ngena, ngena, karibu dada! [sauti za mbali] Damien? Upo?

DAMIEN: Niko. Mbona unanong'ona?

ZUHURA: Amekunja mguu wa suruali, kama ulivyosema. Amefurahi. Anapitisha kidole kwenye mawimbi, ananiuliza niliyatoa wapi. Nimemwambia ufukweni kwetu.

DAMIEN: Unaona!

ZUHURA: Lakini sasa yuko kwenye matundu ya vifungo. Anauliza mbona nyuzi zinaning'inia. Unajua matundu yangu nashona kwa mkono, mashine yake iko kwako.

DAMIEN: Mwambie yatatengenezwa.

ZUHURA: Nimemwambia. Anauliza na nani.

DAMIEN: Na nani?

ZUHURA: Damien, mtu wa watu amesimama hapa na suruali mkononi. Yatatengenezwa na nani?

DAMIEN: Umwambie... fundi iko njiani.

ZUHURA: Fundi gani?

DAMIEN: Fundi wa matundu.

ZUHURA: Na huyo fundi amekula?

DAMIEN: Bado.

ZUHURA: Basi asile huko. Nina wali na samaki, nitapasha. Aje na mashine yake, na zile suruali alizokuwa anaziharibu, nizirudishie mshono. Na akifika asigonge kama mgeni, apite tu, mlango—

DAMIEN: Mlango nini? Allô? Zuhura? ... Allô? ... Eish. André! André, salio yako imekwisha, nitakurudishia! Acha hiyo kichwa kidogo, panda juu, unishikie mashine upande ule. ... Ndiyo, hii ya matundu, ya chuma. ... Najua mteja hujamaliza kumnyoa, naye aje, si ana mikono? ... Polepole kwenye ngazi. ... Apana, apana, tusiitue hapo chini. Tunakwenda nayo mpaka Turffontein.