Lori la Ngumbao Limewaka

Pale Mtopanga, kwenye benchi lililoegemea ukuta wa Ngumbao, kahawa ya jioni hainywewi bila fujo. Siku hiyo fujo ilikuwa ya furaha. Nyuma ya ukuta, uani, lile lori la Bedford, kuukuu la enzi za mkoloni, lililoletwa likiburutwa kutoka Miritini na kukaa mpaka kuku wakapata vitukuu ndani yake, lilikuwa limewaka. Si kukohoa na kuzima. Limewaka, linanguruma, moshi unawapitia watu vichwani. Aliyefurahi kushinda wote ni Gona, ambaye benchi zima lilimwita Digrii. Alikuwa na shahada ya uchumi, shati moja la interview, na ghadhabu ya kutosha mkoa mzima. Tangu amalize chuo kikuu hakuna ofisi iliyomjibu hata kwa kumtukana. Ngumbao alikuwa amemwahidi: lori likipona, yeye meneja. Lakini Kaviha, mke wa Ngumbao, naye alikuwa ameshatoa neno la mwisho. Harusi ya binti yao ni Jumamosi, ua ni wa masufuria ya pilau. Lori likikutwa pale kesho adhuhuri, mtu wa vyuma chakavu alikate, alibebe.

— Kesho asubuhi linatoka, — alisema Ngumbao akijifuta grisi.

Ngumbao alikuwa amezeekea chumba cha injini cha feri ya Likoni, na lori alikuwa amelitengeneza kama chombo cha baharini: rangi ya meli, kengele mlangoni, na boya la kujiokolea nyuma ya kebini.

— Lakini hilo boya, yakhe, — aliuliza Ishaka, mshona kofia ambaye kwa kupenda habari aliitwa Redio, — lori litazama wapi? Kongowea sokoni, kwenye vitunguu?

— Mvua ya masika umeisahau? Kisauni yote ilikuwa bahari!

— Gentlemen, focus! — Digrii aligonga benchi. — Safari ya kwanza ni nazi, kutoka Kilifi hadi Kongowea. Simple logistics. Hata serikali hii ingeelewa, na serikali hii haielewi kitu.

— Nazi? — Boga alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Huyu ujana wake wote ulipita kwenye malori ya masafa marefu, na kijiweni hakuitwa ila Kampala. — Nazi ni za mkokoteni, mwenehu. Hili ni la Kampala. Kule ndizi zimejaa njiani kama magugu.

— Ndizi za Kampala, kwa barabara hizi? Zitafika uji! Kila shimo lina mheshimiwa aliyekula lami yake, — alifoka Digrii.

— Basi Zaire, — alidakia Redio. — Wallahi nimesikia kwa masikio yangu: kule dhahabu wanachota kwa sepetu. Unapeleka chumvi, unarudi na dhahabu.

— Na ukiivuka Zaire kuna bahari nyingine, — alisema Ngumbao, macho yaking'aa. — Tunapanda feri yao. Nitasema na mafundi wao mimi. Injini ni lugha moja.

— Then why stop? Twendeni Brazil!

— Brazil kuna kahawa, — alisema Boga kwa uzito.

Muuza kahawa alimkazia jicho.

Kufika hapo vyeo vilikuwa vimeshagawanywa. Digrii meneja, Redio msemaji wa kampuni, Boga mkuu wa misafara, Ngumbao injinia mkuu. Walikuwa wanabishania rangi ya bendera alipotokea kijana rika moja na Digrii, shati limejaa kutu.

— Salaam aleikum, wenye benchi. Mimi Chengo, wa vyuma chakavu. Mama Kaviha kaniita nije kesho, nikaona nipite leo niangalie.

Digrii akasimama, mishipa ya shingo imemtoka.

— Umechelewa, vulture wewe! Hebu sikiliza! Hicho ni chuma chakavu?

Chengo aliinamisha kichwa, akasikiliza, akatabasamu.

— La. Hiyo ni injini, na aliyeitengeneza Mungu ambariki. Mimi kilicho hai sikikati. Likitoka tu, nami naenda zangu. — Akawatazama mmoja mmoja. — Dereva ni nani?

Ngumbao akamgeukia Boga. Boga akamgeukia Ngumbao.

— Si wewe, Kampala?

— Mimi? Mimi nilikuwa taniboi! Miaka yote niko juu ya magunia! Kazi yangu kutia jiwe nyuma ya tairi. Si wewe, fundi?

— Feri ina klachi?

Redio akaanza kuchunguza kikombe chake. Wote wakamtazama Digrii. Meneja wa uchukuzi hata baiskeli alikuwa hajapata kuendesha.

— Ngumbao! — Kaviha aliita kutoka uani. — Huo moshi unatoka na lori lake, ama unatoka peke yake?

Digrii akamgeukia mgeni, Kizungu chote kimemwishia.

— Kaka Chengo. Hapa umefikaje?

— Na lori langu. Lile pale dukani.

— Kaliendesha nani?

— Mimi.

Watu wanne waliokuwa wametanda benchi zima walijibana wakawa kama wawili. Redio alivua kofia akapangusa pale palipobaki wazi. Muuza kahawa akainamisha dele lake la kahawa, halikutoa hata tone. Digrii akakitazama kikombe chake, kilichokuwa bado na nusu, akamkabidhi mgeni kwa mikono miwili.

— Shikamoo, — akasema.