Bi Sichana na Kijibwa Aliyenyamaza

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni apunguze moto kidogo, aje akae. Leo tunamkumbuka Bi Sichana Kheir wa Matemwe, mkulima wa mwani, mama yake Radhiya. Kazikwa juzi, baada ya sala ya alasiri. Watoto wa mtaani kwake walimwita Bi Mbwa. Mwenyewe akicheka tu.

Jina hilo lilianza na kijibwa mmoja mwekundu, aliyejileta uani kwake mwaka juzi. Bi Sichana akamwekea makombo ya wali kwenye kifuu, akakisogeza kifuu kwa kijiti. Kumgusa, hata kidogo. Majumbani mwetu mnajua: mate ya mbwa ni najisi, akikulamba unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Basi kijibwa akalishwa kwa mbali, na akatazamwa kwa mbali.

Siku moja akaacha kubweka. Kanga zilizoanikwa hakuzirukia tena. Akawa analaza kifua chini, makalio juu, na kubaki vivyo hivyo.

Jirani yake, Msabah, akachungulia juu ya ua. "Bi Sichana, mbwa wako umemtia chuoni nini? Kashika adabu!"

"Adabu gani, we Msabah? Mbona anahema na jua halijatoka?"

"Anacheza huyo."

Wapita njia nao wakasema anacheza. Bi Sichana akajipa moyo, akenda zake pwani, maana maji yalikuwa yameshakupwa na mwani unamngoja. Aliporudi, wali ulikuwa vilevile kifuuni. Kijibwa kajibanza nyuma ya pipa, anatetemeka, masikio kayalaza.

Radhiya anasimulia: "Mama kakaa mchangani, kamtia mkono. Kumgusa tumbo tu, kalia, kageuka kutaka kumng'ata. Nikamwambia, mama, najisi hiyo! Akanambia, 'Najisi ntaosha. Huyu akishakufa ntamfanyaje?'"

Akamfungua mdomo. Mshipi wa kuvulia ulikuwa umezama kooni. Kijibwa alikuwa kala matumbo ya samaki, na ndoana ndani yake. Daktari wa mifugo akasema kwa simu kutoka mjini: msiuvute, mleteni. Wakamfunga kanga kuukuu. Gari halijaondoka, akafa mapajani mwa Bi Sichana.

Tangu hapo Bi Sichana alimwambia kila mtoto aliyepita: "Mbwa akinyamaza usimsifu. Mtazame anavyokaa. Mtazame anavyokula."

Mwaka huu, wasikilizaji wapendwa, Bi Sichana mwenyewe alinyamaza. Hakutaniana tena na Msabah. Sahani yake ikirudi na chakula. "Nnapumzika tu," akisema. Watu wakasema utu uzima umemtuliza.

Asubuhi moja Radhiya alimkuta kapiga magoti kando ya kitanda, kifua kakilaza juu ya godoro.

"Mama, vipi?"

"Natafuta kanga yangu."

Radhiya akainama, akamsaidia kutafuta. Kanga ilikuwa mabegani mwa mama yake.

Walipofika hospitali, uvimbe wa tumboni ulikuwa umeshaenea. Hapakuwa na la kufanya.

Radhiya, na nyinyi nyote wa nyumba ile, poleni sana. Mola amrehemu Bi Sichana. Kile kifuu, Radhiya anasema, bado kipo uani, na hakuna anayekigusa.

Wasikilizaji wapendwa, Bi Sichana tumeshachelewa naye. Kwako wewe sijui. Inuka, katazame ni nani humo ndani ambaye siku hizi unamsifu kwa utulivu.